Double Indemnity: Fred MacMurray mnamuonea bure

Kila ikitajwa muvi ya Double Indemnity ya 1944, sifa zote wanapewa Barbara Stanwyck na Edward G. Robinson, steringi mwenyewe Fred MacMurray eti "alikuwepo tu". Jamani hapana.

Watu wanasema alikuwa mtu wa vichekesho akabahatisha. Ni kweli alitokea kwenye muvi nyepesi za mapenzi, na kabla ya hapo alikuwa mpiga saksofoni, na George Raft alishaikataa hiyo nafasi. Lakini ile sura yake ya kijana mwema ndo inayofanya kazi: muuza bima anabisha hodi, anatabasamu, unampenda, na huyohuyo ndo anakuja kumnyonga mume wa mtu ili bima ilipe mara mbili, dola 100,000. Na kama ilikuwa bahati, mbona dairekta Billy Wilder alimrudisha 1960 kwenye The Apartment, bosi muongo anayechezea wanawake, na akaigiza vizuri tena?

Wengine wanadai Neff, huyo muuza bima anayechezwa na MacMurray, ni bwege tu kaponzwa na mwanamke, yaani Stanwyck, mke wa huyo aliyeuawa. Msikilizeni basi, anakiri mwenyewe kwamba siku nyingi alikuwa anawaza namna ya kuipiga kampuni yake, mwanamke kamkuta yuko tayari. Tena muvi yote ni sauti yake, usiku ofisini, risasi begani, anajirekodi. Sisi tumekua tukijua steringi hafi, huyu anaanza anavuja damu na bado unamfuata.

Halafu kuna ile sini ya gari. Wametoka kuacha maiti relini, gari linagoma kuwaka, Stanwyck anajaribu weee, wanatazamana. MacMurray hapayuki, ananyoosha mkono taratibu anawasha mwenyewe, ila macho yale, mi huwa nabana pumzi kila mara.

Eti angekuwa mkali angepata Oska. Muvi iliteuliwa mara 7 ikatoka mikono mitupu, hata Robinson hakuteuliwa, na muigizaji bora mwaka ule akawa Bing Crosby na Going My Way.

Angalieni kiberiti. Muvi nzima Keyes, yaani Robinson, mchunguzi wa madai kwenye kampuni ya Neff, hana kiberiti, Neff ndo anamuwashia sigara kwa ukucha wa dole gumba. Mwisho Neff kaanguka mlangoni, njiti anayo ila nguvu hana, na MacMurray anamuacha Keyes amuwashie bila kusema kitu, anamtazama tu.