Kitindamlo cha Moto kwa Kundi Lililopiga Kambi Kwenye Theluji

Anayepanga kitindamlo kwa ajili ya kundi lililopiga kambi kwenye theluji aanze kwa kuhesabu gesi ya jiko kabla ya kuhesabu sukari. Theluji haiyeyuki bure. Kuyeyusha kilo moja ya theluji iliyo kwenye nyuzi 0 za Selsiasi hutumia nishati inayokaribia nne kwa tano ya ile inayohitajika kuyafikisha maji yake kwenye kiwango cha kuchemka. Kwa hiyo kila kikombe cha maji ya moto kimeshakula gesi nyingi kabla hakijamfikia mtu mkononi, na kitindamlo kinachodai jiko liwashwe upya baada ya watu kumaliza kula kimepangwa vibaya, hata kama ni kitamu namna gani.

Nimewapikia watu kambini wakati wa baridi kali kwa miaka mingi, na somo hilo nililipata katika safari zangu za mwanzo, nilipoamua kuwakaangia watu kumi chapati za maji, moja baada ya nyingine, kwenye kikaango kimoja. Wa kwanza alikula yake ikiwa moto na akafurahi sana. Wa nne alikula akiwa anakanyagakanyaga chini kwa baridi. Na zamu ya wa kumi ilipofika, yule wa kwanza alikuwa ameshaingia kwenye begi lake la kulalia na kulala. Tangu siku hiyo ninafuata kanuni moja: kitindamlo cha kundi hupikwa katika sufuria moja, huiva kwa pamoja na hugawiwa kwa upawa.

Kinachofaa kuliko vyote, kwa maoni yangu, ni matunda makavu yaliyochemshwa na kufunikwa kwa biskuti zilizopondwa. Kwa watu wanane ninachukua gramu 600 za matunda makavu, kwa kawaida matufaha, aprikoti na zabibu, ambayo ninayakatakata nyumbani, kwa sababu kisu na vidole vilivyokufa ganzi havipatani. Katika mfuko huohuo ninatia gramu 100 za sukari, kijiko kidogo cha mdalasini na chumvi kidogo sana. Katika mfuko wa pili ninaweka gramu 300 za biskuti zilizopondwa, ambazo nimezikaanga nyumbani kwa gramu 100 za siagi hadi zikabadilika rangi na kuanza kunukia.

Kazi ya kambini inabaki ndogo. Maji ya chakula cha jioni yanapochemka, ninachota lita moja na nusu, ninayamimina juu ya matunda katika sufuria yenye mfuniko, kisha ninaiviringisha sufuria hiyo katika koti zito na kuiweka juu ya mkeka wa kulalia, isiguse theluji. Watu wanakula chakula chao, na katika muda huo wa nusu saa au zaidi matunda yanafyonza maji yenyewe bila kutumia gesi yoyote. Ukifunua mfuniko utaona vipande vya tufaha vilivyokuwa vigumu kama ngozi vimevimba na kulainika, na zabibu zimejaa hadi ngozi yake imenyooka. Hapo ninarudisha sufuria jikoni kwa dakika tatu au nne tu, ninatia vijiko viwili vya chakula vya wanga wa mahindi uliokorogwa katika maji baridi kidogo, na ninakoroga hadi mchuzi uwe mzito na kung'aa. Uzito huo si wa kupendeza macho tu, kwani mchuzi mzito hushika joto kwa muda mrefu kuliko mchuzi mwepesi, na baridi inapokuwa kali dakika mbili za ziada ni kitu kikubwa. Biskuti hunyunyizwa kila mtu anapopewa chake, la sivyo hulowa na kupoteza mkwaruzo wake mdomoni.

Siagi katika biskuti hizo nisingeipunguza. Gramu moja ya mafuta hutoa takriban kilokalori 9, ilhali gramu moja ya wanga au sukari hutoa takriban 4, na mwili unaoingia kulala kwenye baridi unahitaji kitu cha kuchoma usiku. Ninaoona wakilalamika kwamba miguu yao haikupata joto hadi alfajiri mara nyingi ni wale waliokataa kitindamlo kwa uchovu.

Chokoleti inahitaji maelezo ya pekee, kwa sababu karibu kila kundi huja na shehena yake na wengi huvunjika moyo nayo. Mafuta ya kakao huyeyuka karibu na joto la mwili wa binadamu, na ndiyo maana chokoleti huyeyuka vizuri ulimini ukiwa nyumbani. Kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri, kipande chake huvunjika kama kigae na kukaa mdomoni kama kokoto isiyo na ladha, mpaka ulimi wenyewe uliopoa uipashe joto. Usiigawe ikiwa kavu, basi. Ivunjevunje ndani ya maziwa ya unga yaliyokorogwa na maji ya moto, gramu 200 kwa lita moja na nusu, ongeza wanga wa mahindi kama hapo juu, na watu watapata kinywaji kizito kinacholiwa nusu kwa kijiko.

Kuoka kambini ninakuheshimu, lakini sikupendekezi kwa kundi kubwa, isipokuwa pale ambapo moto wa kuni unaruhusiwa na umeshawashwa kwa sababu nyingine. Hapo tufaha bichi lililotolewa moyo, likajazwa zabibu, sukari na siagi, kisha likafungwa katika karatasi mbili za foili, huiva kwenye makaa kwa takriban nusu saa. Moto wenyewe uwashwe juu ya magogo mazito yaliyopangwa kama jukwaa, kwani ukiwashwa juu ya theluji tupu huzama na kuzimika.

Kuhusu gesi, butani huacha kugeuka mvuke inapokaribia nyuzi 0, na isobutani inapokaribia nyuzi 12 chini ya sifuri, wakati propani huvumilia hadi karibu nyuzi 42 chini ya sifuri. Chagua mtungi wenye mchanganyiko wa propani, na uuweke ndani ya koti kabla ya kupika. Jiko lisiwashwe ndani ya hema lililofungwa hata kama upepo unauma, kwa kuwa hewa ya kaboni monoksidi haina harufu na inaua. Jenga ukuta wa theluji upikie nyuma yake.

Mambo mawili madogo huharibu kazi nzuri yakisahauliwa. Bakuli baridi hunyonya joto lote la chakula, kwa hiyo lisuuze kwa maji ya moto kwanza, kisha uyarudishe maji hayo katika sufuria ya kuoshea. Vijiko navyo viwe vya mbao au plastiki, kwa kuwa chuma kilichopoa sana hunata kwenye midomo. Kabla ya safari uliza pia kama kuna yeyote anayedhuriwa na karanga, maziwa au ngano.

Sufuria isiachwe na mabaki, kwa kuwa mchuzi wa sukari ukiganda usiku hautoki asubuhi bila kutumia gesi tena. Wakati bado ina vuguvugu, mimina humo kikombe kimoja cha maji ya moto, kwangua pande zote kwa mwiko, na umpe mtu anayehisi baridi kuliko wenzake anywe, kisha ifute kwa konzi ya theluji safi na uifunike kifudifudi.