Kaunti ya upinzani hainyimwi mgao

Barazani Mkunguni, mbele ya ngome ya Lamu, utasikia: mkipigia kura upinzani, mtalala njaa. Maneno hayo yalikuwa na mashiko enzi za chama kimoja, barabara na zahanati zilipotegemea hisani ya Nairobi. Katiba ya 2010 ilibadili mambo. Kifungu cha 203 kinazitengea kaunti zote jumla isiyopungua asilimia 15 ya mapato ya taifa, kwa hesabu zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge. Seneti ndiyo huweka fomula ya kugawana, na chama cha gavana hakimo. Pesa huchelewa, naam, hata kwa kaunti za chama tawala. Penye mwanya wa upendeleo ni miradi ya serikali kuu, na hapo wapinzani bungeni wana meno: huhoji bajeti, huwabana mawaziri kwenye kamati.