Tumbusi na Mzoga Uliotiwa Sumu

Simba akiua ng'ombe usiku, yupo mfugaji ambaye asubuhi hunyunyizia mabaki dawa ya wadudu aina ya kabofurani, akimvizia simba atakayerudi. Wanaotangulia kufika ni tumbusi. Hutafuta chakula kwa macho: mmoja akishuka, walio mbali humwona na kumfuata, ndiyo maana mzoga mmoja huweza kumaliza kundi zima. Majangili nao hutia sumu makusudi ili ndege hao wasizunguke angani na kuwaonyesha askari tembo alipouawa. Juni 2019, nchini Botswana, tumbusi 537 walikufa hivyo kwa mizoga ya tembo watatu.

Pengo hilo halizibiki upesi. Tumbusi mgongo-mweupe hutaga yai moja kwa mwaka, na kinda huchukua takriban miaka mitano kuanza kuzaa.

Utafiti uliofanyika Laikipia, Kenya, ulionyesha kuwa tumbusi wasipofika, mzoga hukaa karibu mara tatu zaidi kabla ya kwisha, na wanyama wengine hukutana na kugusana hapo mara nyingi zaidi. Hapo ndipo magonjwa hupata njia. India ilishaonja: diklofenaki, dawa ya maumivu waliyopewa ng'ombe, iliwaharibu figo tumbusi walaji wa mizoga, aina tatu zikapungua kwa zaidi ya asilimia 95, na mbwa wa mitaani, wenye kueneza ugonjwa wa kichaa cha mbwa, wakaongezeka. Dawa hiyo ilipigwa marufuku kwa mifugo mwaka 2006. Ng'ombe wako akihitaji dawa ya maumivu, mwombe daktari wa mifugo meloksikamu, ambayo haiwadhuru tumbusi.

Mzoga wenye sumu hujitambulisha. Tazama nzi waliokufa juu ya nyama, chembechembe za rangi ya zambarau, na ndege aliyelala makucha yamekunjwa kama ngumi, shingo imetuna nyama isiyowahi kushuka tumboni.

Usiguse kwa mikono mitupu, na nyama hiyo isiliwe. Fungeni mbwa. Funika mzoga kwa matawi mazito ndege wasiuone, mmoja abaki akilinda, mwingine awaite maofisa wa wanyamapori. Ndege anayehema bado asitupwe. Daktari akiwahi na atropini, dawa ya kupambana na sumu hiyo, huweza kupona. Kisha mzoga, ndege waliokufa na damu iliyomwagika vichomwe pamoja hadi majivu. Kufukia juujuu hakutoshi, fisi hufukua usiku uleule.

Na ili mfugaji asifikie kutia sumu, alinde ng'ombe mapema: boma la miiba mitupu simba hulipenya. Kaskazini mwa Tanzania wafugaji hupanda vigingi vya miti inayochipua, kisha huvifunga waya wa matundu. Miti ikikua, ukuta huzidi kuwa imara.