Duara la Nusu Maili Linadanganya

Tangazo jingine tena wiki hii: nyumba inauzwa, "nusu maili tu kutoka stesheni ya treni." Dalali kasimamisha ncha ya bikari juu ya stesheni, kazungusha, nyumba ikaangukia ndani ya mstari, na bei ikapanda hapo hapo. Ingekuwa ni madalali peke yao ningenyamaza. Lakini duara hilo hilo linatumika kupitisha mipango ya ardhi, kuhesabu "wakazi walio karibu na reli", na kuombea fedha serikalini. Watu wazima wenye shahada wanalichora na kuliamini. Acha nilifungue lote mara moja, kwa kutumia kipande cha reli nyepesi, yaani treni ya umeme ya mjini, ninachokijua: nyongeza ya Lynnwood, kaskazini mwa Seattle, katika jimbo la Washington, Marekani.

Ilifunguliwa 30 Agosti 2024. Ina urefu wa kilomita 13.7 na stesheni 4: Shoreline South/148th, Shoreline North/185th, Mountlake Terrace na Lynnwood City Center. Kutoka Lynnwood hadi Westlake, katikati ya Seattle, ni dakika 28, na hakuna foleni ya magari inayoweza kuzigusa dakika hizo. Treni yenyewe sina neno nayo. Neno langu ni juu ya mita 800 za mwisho, zile ambazo mtu anazimaliza kwa miguu yake.

Mita 800, ndiyo ile nusu maili, zinatokana na dakika 10 za kutembea, mita 80 kwa dakika. Duara la mita 800 lina hekta 201. Sasa ondoa kosa la kwanza: hakuna anayetembea kwa mstari ulionyooka kupita katikati ya nyumba za watu. Tunafuata mitaa. Hata mitaa ikiwa imepangwa kama ubao wa drafti, bila kasoro hata moja, eneo unaloweza kulifikia kwa mita 800 ni mraba uliosimama kwa pembe yake, wenye hekta 128. Zaidi ya theluthi ya duara imekwisha kabla hatujataja kizuizi chochote.

Kizuizi kipo, na si kidogo. Nyongeza hii imelala ubavuni mwa I-5, barabara kuu ambayo pamoja na kingo zake inakula upana wa karibu mita 100. Tuseme stesheni iko ukingoni upande wa mashariki. Nusu ya mashariki ya ule mraba inabaki hekta 64. Upande wa magharibi mtu anavuka penye daraja la magari tu. Kama daraja liko mita 250 kutoka mlangoni, anatumia 250 kulifikia na 100 kulivuka. Zimebaki 450, na hizo zinampa hekta 20. Jumla ni hekta 84 kati ya 201. Hiyo ni asilimia 42 ya eneo lililochorwa kwenye ramani na kusomwa mbele ya baraza kama ukweli.

Mtu anayeishi ng'ambo, mkabala kabisa na jukwaa, anaiona treni ikisimama. Ukipima kwa uzi ni mita 150. Kwa miguu ni zaidi ya 600.

Sasa weka daraja la waenda kwa miguu palepale penye stesheni. Mita zinazobaki ng'ambo ni 700, hekta zinapanda kutoka 20 hadi 49, na jumla inafika 113. Daraja moja limeongeza hekta 29 bila kusogeza reli hata inchi moja. Ndiyo maana jiji la Shoreline likaamua kujenga daraja la namna hiyo juu ya I-5 mtaa wa 148. Kinachonikera ni mpangilio: stesheni imefunguliwa kwanza, daraja linafuata. Mwaka wa kwanza wa stesheni ndio watu wanajenga mazoea yao, na aliyekwisha kuzoea kuendesha gari hadi maegesho ni vigumu kumrudisha.

Kuna kitu kingine kisichoonekana kwenye ramani kabisa, nacho ni taa za barabarani. Njia panda ya kitongoji yenye mzunguko wa sekunde 120, inayowapa wenye miguu sekunde 15 tu za kuanza kuvuka, inamsimamisha mtu kwa wastani wa sekunde 46. Hizo ni sawa na kutembea mita 60 hivi. Vuka taa mbili, umepoteza mita 120. Zile 800 zimekuwa 680, na kwa kuwa eneo linakwenda kwa kipeo cha pili, zile hekta 64 za mashariki zinashuka hadi 46. Zaidi ya robo ya ardhi iliyo "karibu na stesheni" imemezwa na mpangilio wa taa ambao fundi mmoja anaweza kuubadilisha kwa siku moja. Mzunguko wa sekunde 80 badala ya 120 ungerudisha sehemu ya ardhi hiyo. Haufanyiwi kazi kwa sababu taa hupangwa na wanaohesabu magari, na kwenye jedwali lao hakuna safu ya mtu anayengoja mvuani.

Na milango. Treni ya mabehewa 4 ina urefu wa karibu mita 116. Stesheni yenye mlango upande mmoja tu inamlazimisha anayetoka upande wa pili apite ubavuni mwa jukwaa zima ndipo aingie. Milango iwekwe ncha zote mbili, kila mara, hata kama mmoja ni ngazi na lifti moja tu.

Nikifika hapa huwa naambiwa: sawa, lakini kuna maegesho. Haya. Stesheni za Shoreline zimepewa nafasi kama 500 kila moja. Magari 500, mengi yakiwa na mtu mmoja, yanaleta watu 550 hivi. Treni moja iliyojaa inawabeba wote. Treni moja! Jengo zima la ghorofa linajaa asubuhi, linatoa abiria wa treni moja, kisha linalala hadi jioni. Kila nafasi, ukijumlisha vipito na mteremko wa kupandia, inakula mita za mraba 30 hadi 35 za sakafu, kwa gharama ya makumi ya maelfu ya dola. Nafasi 500 ni sakafu ya mita 16,000 hivi za mraba, zinazotosha makazi 200 ya wastani pamoja na korido zake. Wakazi wa makazi hayo wanapanda treni asubuhi, mchana, usiku na Jumapili, na wanaporudi hawahitaji mahali pa kuegesha.

Hata hivyo sitasema maegesho yote ni upotevu. Muuguzi anayeanza zamu alfajiri na anaishi mahali ambapo basi halifiki hana njia nyingine, na duara, mraba na hesabu zangu zote hazimsaidii. Ninachopinga ni kuyapa kipande cha ardhi kilicho bora kuliko vyote, mlangoni pa stesheni, badala ya kuyasogeza mita 300.

Sasa imani ya pili, ndugu wa ile ya kwanza: reli ikifika, maghorofa yanaota yenyewe. Tazama reli ile ile upande wa kusini, kipande kilichofunguliwa Julai 2009. Stesheni ya Othello ilipata majengo ya makazi kona kwa kona. Mount Baker, stesheni chache tu kabla yake, ilikaa miaka mingi bila cha maana. Treni ni ile ile, nauli ni ile ile. Lakini Mount Baker imekaa penye fundo la barabara mbili kubwa, na kituo cha mabasi kiko ng'ambo ya Rainier Avenue, kwa hiyo hata anayebadilisha basi kwenda treni lazima angoje taa.

Shoreline walijiandaa mapema. Mwaka 2015 waligeuza matumizi ya ardhi kuzunguka 185th, na 2016 wakafuata upande wa mtaa wa 145, kuzunguka stesheni ya 148th, kutoka nyumba za familia moja hadi kanda zinazoruhusu majengo ya urefu wa futi 35, 45 na 70. Futi 70 ni ghorofa 7 hivi, na jengo la aina hiyo huku lina umbo lake: ghorofa moja au mbili za zege chini, tano za mbao juu. Sakafu ya juu inayokaliwa na watu ikizidi futi 75 juu ya usawa wa gari la zimamoto, jengo linahesabika refu, na masharti ya moto yanapandisha gharama ghafla. Kwa hiyo ukiona kanda ya futi 85 au 90 inatangazwa kama zawadi kwa wajenzi, elewa kwamba wengi wataishia pale pale penye 7.

Kugeuza kanda hakujengi kitu. Kiwanja cha kawaida cha nyumba moja pale kilipimwa kwa kiwango cha futi za mraba 7,200, yaani mita 670 hivi. Jengo la makazi 200 linataka karibu nusu hekta, viwanja 7 au 8 vinavyopakana. Wenye viwanja sita wakiuza na wa katikati akagoma, hakuna jengo. Na hana kosa, ni nyumba yake. Wakati huo majirani wameshasikia habari za futi 70 na kila mmoja anataka bei ya ghorofa kwa nyumba yenye paa linalovuja. Bei ya ardhi inameza faida ya mradi kabla ya mchoro wa kwanza, na mwenye nyumba anayesubiri mnunuzi hatengenezi lile paa. Anayelowa ni mpangaji.

Chini ya ardhi kuna bomba la maji taka la inchi 8 lililowekwa kwa ajili ya nyumba za familia moja. Mjenzi wa kwanza anaambiwa alibadilishe hadi mtaa wa mbele. Sheria ya jimbo inamruhusu kudai sehemu ya fedha zake kwa watakaojiunga baadaye, ila riba ya benki haimsubiri. Bomba la maji safi nalo lazima litoe mkondo wa kutosha kwa zimamoto, na la inchi 6 la mtaa wa zamani mara nyingi halitoshi. Ongeza transfoma, na njia ya miguu mbele ya kiwanja, ambayo mitaa mingi ya Shoreline haina. Halafu ikaja Machi 2022: benki kuu ya Marekani ikaanza kupandisha riba kutoka karibu na sifuri, na Julai 2023 ilikuwa imefika asilimia 5.25 hadi 5.5. Mradi uliolipa kwa riba ya 2021 haukulipa tena. Treni ikafika, na kando ya reli vibali vikabaki kwenye faili na uzio kwenye viwanja vitupu. Lynnwood wao walikuwa na mpango wa katikati ya mji tangu 2005, miaka 19 kabla ya treni.

Kuhusu kuiweka reli kando ya I-5, hapa sina uhakika na msimamo wangu mwenyewe. Chaguo la pili lilikuwa Aurora Avenue, barabara ya jimbo namba 99, yenye maduka na viwanja vikubwa vya lami pande zote mbili, ardhi inayounganika kirahisi, bila ukuta wa barabara kuu unaoikata. Kwa mazingira ya stesheni Aurora inashinda kwa mbali. I-5 ilishinda kwa kasi na kwa gharama. Katika mjadala napigania Aurora kila mara. Lakini dakika 28 za Lynnwood zisingekuwa 28 kule, na sijui ni abiria wangapi wa mbali wangebaki kwenye magari yao. Sidhani kuna hesabu inayomaliza jambo hili.

Shaka nyingine ni nzito zaidi. Sheria ya jimbo ya mwaka 2015 inalitaka shirika la reli litoe kwanza walau asilimia 80 ya ardhi yake ya ziada inayofaa makazi kwa wajenzi ambao asilimia 80 ya nyumba zao ni za watu wenye kipato cha asilimia 80 ya kipato cha kati cha eneo hilo au chini. Ni sheria nzuri na ninaiunga mkono. Lakini ardhi ya ziada ni ile iliyotumika kama uwanja wa ujenzi, nayo iko ubavuni mwa I-5. Bodi ya hewa ya California ilishauri tangu 2005 kwamba makazi mapya yasiwekwe ndani ya futi 500 za barabara kuu, kwa sababu ya moshi na vumbi laini. Tunawapa wenye kipato kidogo nyumba ya karibu na treni, na hewa mbaya kuliko ya mtaa mzima. Vichujio vya hewa vya daraja la 13 (MERV 13) vinasaidia vikibadilishwa kwa wakati. Madirisha ya vyumba vya kulala yaelekee mbali na I-5, ngazi na korido zikae upande wa barabara, na hewa safi ivutwe kutoka paani, upande wa mbali na magari. Hayo yote yanapunguza tatizo. Watoto bado watacheza nje.

Kwa anayetaka kununua au kupanga: acha ramani. Nenda saa 1 asubuhi siku ya kazi, washa saa ukiwa mlangoni pa nyumba, tembea mwendo wako wa kawaida, ngoja kila taa, izime ukiwa juu ya jukwaa. Kisha rudia jioni ya Novemba, giza limeingia na mvua inanyesha, uangalie ni wapi njia ya miguu inakatika na unalazimika kushuka barabarani pamoja na magari.