Je, wajua kwa nini milima mingine ina kichwa bapa kama meza?

Neno meza tulilipata kwa Wareno. Wahispania nao wana mesa, na walipofika maeneo ambayo leo ni kusini-magharibi mwa Marekani wakakuta milima iliyokatika juu sawasawa, kana kwamba imepitishwa msumeno, wakaipa jina hilo. Wanajiografia wamelishika hadi leo.

Lakini si kila mwinuko tambarare ni mesa. Mkubwa kuliko yote ni uwanda wa juu: ardhi pana iliyoinuka ikabaki tambarare kiasi, ingawa ndani yake mnaweza kuwa na vilima, mito, hata maziwa. Uwanda wa Tibet uko wastani wa mita 4,500 hivi juu ya usawa wa bahari, nao uliinuliwa kipande cha ardhi cha India kilipogongana na bara la Asia. Sehemu kubwa ya uwanda wa Deccan, huko India, ilijengwa na lava, yaani mwamba ulioyeyuka, iliyomwagika tabaka juu ya tabaka, yapata miaka milioni 66 iliyopita.

Mesa haikujengwa hivyo. Mesa ni kipande kilichosalia uwanda ulipoliwa na maji. Mito huuchanachana uwanda, na mahali penye tabaka la mwamba mgumu juu, mwamba huo huwa kama kofia. Mvua haiuwezi, basi mmomonyoko hushambulia mwamba laini ulio chini yake. Ukuta ukikosa pa kusimamia, mapande ya juu hukatika na kuporomoka. Ndiyo maana mlima hupungua kwa pembeni huku kichwa kikibaki bapa, jambo ambalo kwangu ndilo tamu kuliko yote katika habari hii.

Mesa ikizidi kuliwa, upana wake hupungua hadi ukazidiwa na kimo. Hapo huitwa byuti, mnara wa mawe uliosimama peke yake, kama ile mashuhuri ya Monument Valley, huko Marekani. Baadaye hubaki nguzo nyembamba, kisha kifusi.

Grand Mesa, mesa iliyoko jimbo la Colorado, Marekani, ina kisa chake. Kofia yake ni lava iliyotiririka miaka milioni 10 hivi iliyopita, na lava, kama maji, hufuata mabonde. Ikapoa, ikawa ngumu kuliko ardhi iliyoizunguka. Ardhi hiyo ikamomonyoka, lava ikabaki. Palipokuwa chini zamani, leo ndipo juu.