Sanaa ya mashabiki si kila picha yenye Goku

Masharti ya galari za mtandaoni za anime, yaani katuni za Kijapani, huwa na mstari mmoja ambao watu huuruka: tunapokea sanaa ya mashabiki pekee. Kisha zinamiminika picha za Goku, shujaa wa Dragon Ball, zilizokatwa kwenye video, mabango rasmi ya msimu mpya, mandhari za simu zilizopakuliwa kusikojulikana, na chini yake maneno yaleyale: "krediti kwa mwenyewe". Mwenyewe nani, hasemwi.

Sanaa ya mashabiki ni mchoro uliouchora wewe, wa mhusika au ulimwengu uliobuniwa na mtu mwingine. Ina nusu mbili: mkono ni wako, mhusika ni wa mwenzio. Ikikosekana nusu ya pili, yaani umebuni msichana wako mwenye macho makubwa na nywele za buluu, hiyo ni kazi yako ya asili kwa mtindo wa anime, na galari nyingi zina rafu yake. Ikikosekana nusu ya kwanza, ulichotuma ni picha ya mtu.

Nusu ya kwanza ndiyo ya zamani zaidi. Marekani, kuanzia miaka ya 1930, wapenzi wa hadithi za kisayansi walichapa vijarida vyao kwa mashine za stensili, na michoro ya humo ndiyo iliyoitwa sanaa ya mashabiki. Mchoro wa roketi isiyotoka kwenye hadithi yoyote ulihesabika, mradi umechorwa na shabiki bila malipo. Tuzo ya msanii shabiki katika Hugo, tuzo za hadithi za kisayansi, iliyoanza mwaka 1967, ilimaanisha hivyo: anayetuzwa ni mchoraji wa vijarida, awe amemchora nani.

Japani mambo yalikwenda vivyo hivyo. Neno dojin linataja watu wa nia moja, na waandishi wa kundi la Ken'yusha waliotoa jarida lao mwaka 1885 walikuwa wakiandika mambo yao wenyewe. Soko la vijarida vya mashabiki la Comiket lilipofunguliwa Tokyo Desemba 1975, likiwa na vikundi 32 na wageni kama 700, ndipo njia ilipofunguka kwa vitabu vya kuchezea wahusika wa watu kufurika. Hata hivyo kazi za asili hazikuondoka. Tangu 1984 lipo soko la COMITIA linalopokea hizo tu. Kazi ya kumchora mhusika wa mwingine Wajapani wanaiita niji sosaku, ubunifu wa hatua ya pili. Hatua ya pili maana yake imetokana na kazi nyingine, haina maana ya ubora wa chini. Na bado ni ubunifu. Kupakua picha hakujawahi kuitwa hivyo.

Sasa tuje kwenye linaloleta ugomvi kila wiki: kutumia rejea na kufuatisha. Watu wanayachanganya kwa makusudi na bila makusudi.

Rejea ni picha unayoitazama ili ujue kitu kilivyo. Wachoraji wote wanatumia, na asiyetumia huonekana: kola imegeuka, upanga umehamia kiuno kisichokuwa chake. Rejea bora ni karatasi za settei, zile za studio zinazomwonyesha mhusika mbele, ubavuni na nyuma, pamoja na urefu wake akilinganishwa na wenzake. Ukiipata, toa humo mishono ya koti, toa mkao kwenye picha nyingine, mkono utazame wako kwenye kioo. Mchoro unaotoka hapo hauwezi kulaliana na picha hata moja kati ya zile ulizotazama.

Kufuatisha ni kuweka picha ya mtu kwenye tabaka la chini la programu ya kuchora, kufungua tabaka jipya juu yake na kupita kwenye mistari yake. Kama zoezi la daftarini halina ubaya. Likitumwa galarini kama kazi yako, linakataliwa, na kuligundua si kazi ngumu. Mhakiki anaweka picha mbili katika programu ya kuchora kama Krita au ibisPaint, anaififisha ile ya juu hadi asilimia 50 ili ya chini ionekane, anailinganisha ukubwa. Kidevu kikigongana peke yake, inaweza kuwa bahati. Kidevu, pembe ya jicho na vidole vitatu vikigongana kwa pamoja, hakuna cha kujadili.

Wengine huigeuza picha kama kwenye kioo wakidhani wamejificha. Hapo nguo inawasaliti. Kimono huvaliwa upande wa kushoto wa mvaaji ukiwa juu ya wa kulia. Kinyume chake ni namna Wajapani wanavyomvisha maiti. Picha ikigeuzwa, shujaa anasimama tayari kuzikwa. Kovu nalo linahama shavu.

Alama nyingine hutoka kwenye anime yenyewe. Katika mwendo wa kasi wahuishaji hunyoosha viungo makusudi kati ya pozi moja na jingine, ili macho yaone mwendo. Ukisimamisha video hapo, mkono umerefuka hadi gotini au ngumi ina vidole saba. Anayechora kwa rejea huyarekebisha hayo kwa sababu anajua mkono ulivyo, lakini anayefuatisha huviingiza vidole vyote saba.

Katikati kuna eneo la kijivu. Kuichora upya fremu ya anime kwa mtindo wako, kwa kuitazama tu, kunapokelewa na galari nyingi ukisema wazi na ukaambatisha fremu yenyewe. Kutumia besi, ule mwili mtupu ambao msanii ameuweka ili wengine wauvishe, kunapokelewa ikiwa mwenye besi ameruhusu na umemtaja. Kutia rangi mchoro wa mistari wa mtu ni hivyohivyo. Picha za akili mnemba zinakwama kwenye nusu ya kwanza ya maana, yaani mkono. Pixiv, galari kubwa ya Kijapani iliyoanza 2007, tangu mwishoni mwa 2022 inataka picha hizo ziwekewe alama yake. Galari nyingine ndogo zinazikataa kabisa.

Na ile "krediti kwa mwenyewe"? Kutaja jina ni adabu. Ruhusa ni jambo jingine. Wasanii wengi wa Kijapani huandika kwenye wasifu wao mudan tensai kinshi, yaani usiipandishe kwingine bila idhini. Ukimtaja na bado ukaipandisha, umelivunja neno lake huku ukimtaja. Mchoro wa shabiki nao una mwenyewe. Mhusika ni wa studio au mwandishi wa manga, yaani vibonzo vya Kijapani, ila mistari ni ya aliyeichora.

Sheria ya hakimiliki ya Japani inampa mtunzi wa asili haki juu ya kazi zinazotokana na yake. Makosa mengi ya namna hii hufikishwa mahakamani pale mwenye haki anapolalamika, na mabadiliko ya sheria yaliyoanza kutumika mwishoni mwa 2018, yanayoruhusu baadhi ya kesi bila malalamiko hayo, hayakuwagusa wachoraji mashabiki. Basi ukimya wa studio ni uvumilivu. Wapo walioandika ruhusa waziwazi: Crypton Future Media, wenye Hatsune Miku, yule mwimbaji wa kompyuta, wana leseni inayokuruhusu kumchora na kuweka mchoro hadharani bila biashara. Leseni hiyo haikupi michoro rasmi ya Miku uipandishe kama yako.

Upande wa faili, mambo machache yanaangusha kazi nzuri. DPI, yaani idadi ya nukta kwa kila inchi, haina kazi kwenye skrini, pikseli ndizo zinazohesabiwa. DPI ina maana unaposkani: A4 kwa 300 inatoa pikseli 2480 kwa 3508, inatosha kwa penseli, kwa wino mwembamba panda hadi 600. Mchoro wa mistari na rangi bapa uhifadhi kwa PNG, maana JPEG huacha vumbi la kijivu kandokando ya mistari myeusi, na kila ukihifadhi upya linaongezeka. Usiache mandharinyuma matupu: mistari myeusi ikifunguliwa kwenye skrini ya giza haionekani. Weka tabaka jeupe chini. Rangi ziwe za sRGB, mfumo wa rangi wa skrini. Za CMYK ni za mtambo wa uchapaji, na kwenye kivinjari hupauka au kuwaka vibaya. Ukijitumia faili kwa WhatsApp, itume kama hati, kwani ikipita kama picha inabanwa. Ukipiga picha karatasi kwa simu, kaa karibu na dirisha mchana, zima flashi, simu iwe sambamba na karatasi. Saini iweke karibu na mwili wa mhusika, maana ya pembeni hukatwa.

Maelezo ya chini yawe mafupi: aliyechora, mhusika, kazi anakotoka, rejea au besi kama ipo.

Ile folda ya picha nzuri ulizopakua ni mkusanyiko wako, na una haki ya kuupenda. Ukitaka wengine wamwone msanii fulani, tuma kiungo cha ukurasa wake. Galarini leta ule mchoro wako wa penseli wenye mkono mmoja mfupi kuliko mwingine. Huo ndio ulioombwa.