Mbalamwezi si uvivu: tunayoambiana kuhusu uchovu wa kazi

Mwezi ukikaribia kuwa mpevu, fika Igombe, mwalo wa wavuvi huku Mwanza, jioni uone. Mitumbwi ya dagaa imepandishwa mchangani, taa zimeshushwa, wanaume wanacheza bao au wanashona nyavu. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza: vidudu vya majini husogelea mwanga, dagaa huvifuata, wavu unawazoa. Mbalamwezi ikishaangaza ziwa zima, taa yako haina cha kuvuta. Basi watu wanapumzika siku kadhaa, na sijawahi kumsikia mtu mwaloni akiwaita wavivu.

Sasa rudi mjini. Karani akichukua likizo anaulizwa kama amefukuzwa. Mimi nilikuwa karani huyo, kwenye duka la jumla ambalo sitalitaja, na kwa miaka sita nilijisifu kwamba sijui likizo inafananaje. Mwaka wa saba nikaanza kukaa mbele ya daftari la mauzo nikitazama namba bila kuzisoma. Wateja niliokuwa nikitaniana nao wakawa kero. Hali hii haina neno moja lililozoeleka kwetu. Mmoja husema "akili imegoma", mwingine "nimeishiwa". Mimi nitaiita uchovu wa kazi, na nitayajibu yale niliyoambiwa wakati ule, maana bado nayasikia kila siku kwenye daladala.

"Huo ni uvivu uliopewa jina la kisomi"

Aliyeuandikia mapema kitaalamu ni daktari wa saikolojia Herbert Freudenberger, mwaka 1974, na hakuuona kwa watu wanaokwepa kazi. Aliuona New York, kwenye kliniki ya bure, kwa watu waliojitolea usiku na mchana kwa moyo wote. Wale wenye moyo ndio waliozimika. Karabai isiyowashwa haiishiwi mafuta.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliueleza katika orodha yake mpya ya kimataifa ya magonjwa, iliyoanza kutumika 2022. Maelezo yake yana mambo matatu: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi au kuikebehi, na kujiona huwezi tena kuifanya ipasavyo. Chanzo kinachotajwa ni msongo wa muda mrefu kazini ambao haukushughulikiwa. Shirika halikuuita ugonjwa. Limeuita hali inayotokana na kazi. Nilipolisoma hilo nilikasirika kidogo, nikadhani wanatudharau. Baadaye nikaona lina faida yake: ukiuita ugonjwa wangu, mimi ndiye wa kutibiwa peke yangu. Ukisema umetoka kazini, kazi nayo itazamwe.

"Mwili ukichoka hivyo ni malaria, au taifodi"

Hapa siwezi kumcheka mtu, kwa sababu Kanda ya Ziwa malaria ipo kweli, na uchovu usioisha unaweza kuwa na mengi nyuma yake. Upungufu wa damu. Kisukari. Tezi ya shingo isiyofanya kazi sawasawa. Kwetu pwani ya ziwa ongeza kichocho, ambacho mtu huokota majini alipokwenda kuoga au kufua, kikamnyonya polepole bila yeye kushtuka. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kupima.

Kosa langu lilikuwa kununua dozi bila kipimo. Nilimeza dawa za malaria mara tatu ndani ya miezi minne kwa ushauri wa jirani. Nilipopimwa hatimaye hapakuwa na kimelea. Daktari akaniuliza swali ambalo hakuna muuza dawa aliyewahi kuniuliza: "Unaamka saa ngapi, unarudi nyumbani saa ngapi?"

Aliuliza pia kama nimepoteza hamu ya mambo mengine nje ya kazi: mpira, kanisa, watoto. Ukosefu wa furaha unaofunika kila kitu, pamoja na kujiona huna thamani au kufikiria kifo, unaelekea kwenye sonona, na sonona ni ugonjwa wenye tiba. Hizi mbili hukaribiana na hata kuishi pamoja. Usijipimie mwenyewe kwa kusoma makala, hata hii.

"Utalala kaburini"

Msemo wa vijana wa bodaboda, na wa matajiri wanaowapa pikipiki za mkataba. Mtu mzima anahitaji angalau saa saba za usingizi kwa siku. Watafiti wa Australia walionyesha mwaka 1997 kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo utendaji wake hushuka kama wa mtu mwenye asilimia 0.05 ya kilevi kwenye damu. Akifikisha saa 24 anakuwa kama mwenye asilimia 0.10. Abiria angeshuka haraka akimnusa dereva pombe. Usingizi hauna harufu.

Halafu kuna zile chupa na makopo ya vinywaji vya kuongeza nguvu, vinavyouzwa Buzuruga kama njugu. Haviongezi nguvu. Tangu unapoamka, ubongo hukusanya kemikali inayoleta usingizi. Kafeini inaziba mahali inapopokelewa, basi. Deni lipo palepale, umemfungia mlango mdai. Na kafeini haiondoki upesi: kwa watu wengi, ukinywa saa kumi na moja jioni, karibu nusu bado unayo saa nne usiku unapojaribu kulala.

Kuhusu saa za kazi zenyewe, Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa makadirio mwaka 2021. Kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kunahusishwa na hatari ya kiharusi iliyozidi kwa asilimia 35, na ya kufa kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa asilimia 17, ukilinganisha na wanaofanya saa 35 hadi 40. Fanya hesabu ya muuza mitumba wa Mlango Mmoja: anafungua saa kumi na mbili asubuhi, anafunga saa mbili usiku, siku sita. Saa 84.

"Chukua likizo, utarudi mpya"

Nilichukua. Nikapanda meli kwenda Nansio, nikakaa Ukerewe siku kumi, nikala sato na machungwa, simu ikiita kila asubuhi: ufunguo wa kabati uko wapi, deni la fulani limeandikwa wapi. Wiki ya tatu baada ya kurudi nilikuwa palepale. Nilidhani nina kasoro, kumbe tafiti za likizo zinasema hivyohivyo: nafuu ipo, lakini huyeyuka ndani ya wiki chache kama uliyoyakimbia bado yanakusubiri mezani.

Christina Maslach, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeuchunguza uchovu huu miaka mingi, na mwenzake Michael Leiter, walitaja mambo sita ya kuangaliwa kazini: mzigo wa kazi, mamlaka uliyonayo juu yake, malipo na shukrani, uhusiano na wenzako, haki, na kama kazi inaendana na unachokiamini. Kwangu mzigo haukuwa tatizo kubwa. Tatizo lilikuwa kulaumiwa kwa upungufu wa stoo ambayo sikuwa na ufunguo wake.

Likizo si hisani, hata hivyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mwajiriwa likizo ya mwaka ya siku 28, inaweka kikomo cha kawaida cha saa 45 kwa wiki, na inataka mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya siku na siku na saa 24 kila wiki. Miaka sita sikulijua hilo. Mama lishe na muuza samaki hawana mwajiri wa kumdai, na hapo sheria inaishia mlangoni.

"Napumzika, si niko kwenye simu?"

Umekaa, ndiyo. Lakini kama simu hiyohiyo ina kundi la kazini, kazi umeibeba kitandani.

"Kupumzika ni mambo ya wazungu"

Aliyesema hivi hajawahi kufika Bujora, pale Kisesa, mwezi wa sita. Baada ya mavuno ngoma za Bulabo, sherehe ya Wasukuma, zinarindima, makundi mawili ya wachezaji, Bagika na Bagalu, yanashindana, watu wanacheza hadi na chatu. Msukuma alilima kwa nguvu, na kwa kuimba, halafu mwaka ukampa msimu wa kucheza. Ijumaa ya msikitini na Jumapili ya kanisani nazo si za jana. Kilicho kigeni ni duka lisilofungwa.

Ila nisiwapambe wazee kupita kiasi. Mwezi uliopita nilikuwa Igombe kwa mjomba, siku za mbalamwezi, nikamsifia mbele ya mkewe jinsi wavuvi wanavyojua kupumzika. Mkewe alikuwa anapindua dagaa wa mwisho kwenye chanja, na baada ya hapo alikuwa na kuni, maji na shamba la mihogo.

"Hiyo mbalamwezi ni yao," akasema bila kugeuka. "Mimi nikiwa na dagaa naanika, nisipokuwa nao nalima."

Mjomba alicheka, kisha akanyamaza. Kesho yake asubuhi nilimkuta kisimani na wanawe wawili na madumu manne, akinung'unika kwamba wavuvi wenzake wamemwona. Mkewe alikuwa bado amelala, jua limeshapanda.